Tonge Jeupe

Jumapili mchana, mashine yangu ya kusaga ikiwa imezimwa, mtaa wetu wa Kalangalala ni mzuri kuukalia. Vumbi la malori ya mawe limetulia. Watu wametoka kanisani, akina mama wamevua viatu vya kubana, na kuku wangu wanachakura pumba nyuma ya kibanda. Siku ninayotaka kuwasimulia ilianza hivyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kamba, harufu ya nyama inakuja kutoka kwa jirani yangu Maganga, na upande huo huo wanaume wanacheka.

Katikati ya kicheko kile nikasikia mtoto analia. Hakulia kama mtoto anayetaka kitu. Kilikuwa kilio chembamba, kisichopanda wala kushuka, kama cha mtu mzima aliyechoka. Nilikuwa nimekisikia jana yake, na juzi yake. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Kiti hakikukalika.

Mimi ni Bartholomeo, wengi mnaniita Baba Esta. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Kazi yangu ni kusaga na kukoboa nafaka, na msagaji anajua kila nyumba inakula nini hata kama hajaalikwa. Haya nimeyaona mwenyewe kupitia uzio wa mabati uliotoboka, mengine nimesimuliwa na wenyewe. Maganga ameniambia niyaseme, tena nisimpunguzie.

Maganga ni mtu wa Shinyanga, kule Ibadakuli. Alikuja Geita kijana, akashika sururu, na sasa ndiye msimamizi wa duara moja la wachimbaji wadogo. Duara ni shimo, wala si mshahara. Wiki hii linatoa mawe yenye mali, wiki mbili zinazofuata linatoa udongo na kikohozi. Lakini Maganga alitaka nyumba yake ionekane kwamba mawe yanatoka kila siku. Mchana, vijana wake wa shimoni walikuja kula kwake, wote kwenye sinia moja uani. Na sinia lile lilikuwa na sheria mbili: ugali uwe mweupe, na mboga iwe nyama.

Mkewe Rhoda, mama yake Violeth, mtoto wao mdogo, alikuwa akija kwangu na ndoo ya mahindi.

"Baba Esta, shikamoo. Nikobolee mara mbili."

"Marahaba. Mara mbili? Utabaki na nini mama?"

"Ndivyo anavyotaka Baba Violeth. Anasema dona ni chakula cha mahabusu."

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Nikakoboa mara mbili. Unga ukatoka mweupe kama chokaa, na pumba zikabaki kwangu. Ndugu zangu, fikirini kidogo hapo. Mtu analipa ili sehemu nzuri ya hindi iondolewe, anabeba iliyobaki, na kuku wangu wanabaki wananenepa. Nilimwambia hivyo. Akainama, akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Msidhani Rhoda alikuwa mjinga. Wiki moja duara halikutoa kitu, akaenda sokoni na kidogo alichokuwa nacho, akanunua dagaa wa ziwani na mchicha. Akawakaanga dagaa kwa nyanya na kitunguu, akatwanga karanga akaziweka kwenye mchicha. Harufu ilinifikia hadi kwenye mashine, na mimi nilikuwa sijala. Akatenga sinia.

Maganga akaliangalia. "Mboga iko wapi?"

"Hiyo hapo, Baba Violeth."

"Nimekuuliza mboga. Hiki ni chakula cha kuku."

Kijana mmoja wa shimoni, Abel, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akadakia: "Kaka, leo tumekuwa bata? Basi tuletee na dimbwi tuogelee!"

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomwumiza Maganga. Akachukua bakuli la dagaa, akalimwaga juu ya uzio. Dagaa wakamwagikia upande wangu. Kuku wangu walimaliza kabla sijafika.

Tangu siku hiyo Rhoda hakujaribu tena. Pesa ikiwa ndogo, alinunua kipande cha nyama cha kutosha sinia la wanaume, basi. Maharage hapana, majani hapana. Yeye na mtoto walikula jikoni ugali ule ule mweupe, na mchuzi uliobaki kwenye sufuria baada ya vipande kwenda uani. Kumpa mtoto nyama? Maganga aliamini, kama wengi wenu mnavyoamini, kwamba mtoto akizoeshwa nyama na mayai atakuwa mwizi.

Na msidhani kwamba hakumpenda. Alimpenda Violeth kuliko duara. Alikuwa hawezi kurudi bila soda na biskuti. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa kabla ya miaka miwili, akawa anashinda na soda yake mkononi, na baba mtu anatuita sisi majirani tuone.

"Mwoneni Bonge langu! Shavu hilo!"

Kweli, shavu lilikuwepo. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa. Nywele zikageuka rangi ya kutu, laini, na wanawake wakasema kafanana na Mzungu. Waliokuja kumbana mashavu walikuwa wengi. Mimi sikupenda namna mtoto yule alivyokaa. Watoto wa umri wake walikuwa wanakimbiza kuku wangu, wananitia hasira. Yeye alikaa pale alipowekwa. Ukimletea mwanasesere hakumtazama. Nilimwuliza Rhoda, akasema labda ni meno.

Halafu akaacha kutembea. Ngozi ya miguu ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Chakula akawa anakikataa, na kile kilio chembamba kikaanza, mchana na usiku.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapokosea sisi watu wa huku. Mtoto mdogo akidhoofika, hatuulizi amekula nini. Tunauliza mama yake amelala wapi. Tunasema kabemendwa, yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa na dhambi imempata mtoto. Na ajabu ni kwamba anayetajwa karibu kila mara ni mama.

Maganga hakumwangalia mtoto vizuri. Alimwangalia mkewe.

"Nitajie jina," alimwambia. Nilisikia kila neno, mabati hayazuii sauti.

"Jina la nani, Baba Violeth?"

"La huyo uliyetembea naye. Nitajie tu, sitakupiga."

"Hakuna jina. Ningelipata wapi? Mimi nashinda jikoni kwako."

"Basi jina utamtajia baba yako."

Akapanga kila kitu. Jumatatu asubuhi Rhoda angepakizwa kwenye basi arudi kwao, na mtoto angepelekwa kwa mganga mmoja huko porini anayesifika kwa kuondoa ubemendwa. Akampigia simu mama yake, Bibi Paskalia, aje kuwa shahidi na kumsaidia kumbeba mtoto. Nilijaribu kusema naye. Akaniambia, "Baba Esta, wewe saga unga." Nikanyamaza, lakini sikutulia. Ndiyo maana Jumapili ile kiti hakikukalika. Kesho yake mtoto angepelekwa porini, na mimi nilimwona, ndugu zangu. Hakuwa mtoto wa kusafirishwa porini.

Bajaji ikasimama. Bibi Paskalia akashuka na gunia lake. Ni mama mwembamba, mrefu, kitenge amekifunga sawasawa. Kila akija Geita huleta vyakula vya kwao: nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, choroko, na karanga. Maganga alikuwa akiona aibu na gunia hilo mbele ya vijana wake. Aliita chakula cha njaa. Lile la mwisho lilikuwa bado liko chini ya kitanda, panya wamelifungua wao.

"Shikamoo, mama," nikamsalimia kupitia kwenye tundu.

"Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanangu kwa Kisukuma. "Ni huyu mjukuu wangu anayelia hivi?"

"Ndiye."

Hakuuliza lingine. Akaingia jikoni. Wanaume walikuwa wameshatengewa sinia, mlima wa ugali mweupe na bakuli la nyama, maana msafara wa kesho ulitaka kusindikizwa na chakula. Maganga aliinuka kumpokea mama yake, lakini mama alikuwa ameshachukua mtoto mikononi mwa Rhoda. Akampima uzito kwa mikono. Akamshika mguu. Nikaona uso wake unabadilika.

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mwanamke wa Kisukuma wa umri wake akilifanya. Akatoka uani na mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la wanaume, akakaa.

Vijana wakaacha kutafuna. Abel akajisogeza pembeni kama aliyekalia siafu.

"Mama," Maganga akasema, "chakula chako kiko jikoni."

"Nakijua cha jikoni. Nimekiona."

Akanawa. Akamega ugali, akaufinyanga ukawa tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama sote tunavyofanya. Akaliinua.

"Hii ni nini?"

Wakatazamana. "Tonge, bibi," Abel akajibu.

"Na hili shimo?"

"La kuchotea mchuzi."

Akaliweka tonge ukingoni mwa sinia, shimo likiwa juu. Akaushika mguu wa Violeth, ule mguu mnene uliokuwa unasifiwa mtaa mzima. Akaubonyeza kwa kidole kile kile, akangoja kidogo, akaondoa. Shimo likabaki. Nyama ya mguu haikurudi. Mguu na tonge vilikaa pale vimefanana.

"Na hili," akasema, "ni la kuchotea nini?"

Vijana wakainama kuuangalia mguu ule.

"Mama, mtoto kabemendwa," Maganga akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Nilikwambia kwenye simu."

"Uliniambia mjukuu wangu ni bonge. Huu si unene, Maganga. Ni maji. Mara ya mwisho kumwona anatafuna kipande cha nyama ni lini?"

Maganga akatazama bakuli la nyama.

"Bibi, lakini kwa kaka nyama haikosekani," Abel akasema.

"Inaliwa na nani?"

Abel akaangalia mikono yake. Ilikuwa inang'aa mafuta.

"Watoto wakizoea nyama, mama, wewe mwenyewe ulitufundisha..."

"Wanakuwa wezi. Ndiyo, nilisema. Angalia mifupa iliyoko mbele yako, halafu uniambie hapa mwizi ni nani."

Maganga akainuka, hasira imempanda. "Kesho tunaondoka kwa mganga. Yeye atajua."

"Kaa chini." Mama hakupandisha sauti. "Unamkumbuka dada yako Nyamizi?"

"Nilikuwa mdogo. Alikufa kwa homa."

"Alikufa hivi hivi. Mashavu yamejaa, miguu imejaa maji, nywele zimekuwa nyekundu. Watu walimsifu. Alipoacha kutembea wakasema kabemendwa, na baba yako akaniambia nimtajie jina. Sikuwa na jina. Alinipiga mpaka sikio hili likaacha kusikia. Tulikwenda kwa mganga, tukarudi tumebeba maiti. Muuguzi ndiye aliyekuja kunieleza, tumeshazika, kwamba mtoto alikuwa anashiba unga mtupu. Mwaka ule tulikuwa na njaa, Maganga. Sisi tulikuwa hatuna. Wewe umemfanyia haya mwanao huku umekaa mbele ya bakuli la nyama."

Maganga alikaa. Alikaa chini, kwenye vumbi, wala si kwenye kigoda.

Kutoka jikoni Rhoda akasema, "Mama, nimpe kipande sasa hivi?"

"Usimpe chochote. Hili si la jikoni tena. Hospitali."

Abel ndiye aliyesimama wa kwanza. Mdomo ule ule uliomcheka Rhoda. "Mama Violeth, pikipiki yangu iko nje. Twende." Rhoda akapanda nyuma na mtoto. Maganga na mama yake wakafuata kwa bajaji ile ile, dereva alikuwa hajaondoka kwa ajili ya umbea. Mimi nikapanda pembeni ya dereva bila kuulizwa.

Hospitalini walimpokea haraka. Muuguzi alibonyeza mguu kama bibi alivyobonyeza, akaita wenzake. Akatueleza kwamba ni utapiamlo mkali, ule wa kuvimba, wengine mnauita kwashakoo. Akasema mwili wa mtoto wa namna hiyo haubebi chakula kizito, ukimshindilia nyama kwa huruma unaweza kumwua siku hiyo hiyo. Angeanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana. "Mngemchelewesha na safari yenu," akasema, "msingerudi naye."

Maganga alishinda kwenye benchi la nje. Alikuwa anakaa, anainuka, anatembea hadi getini, anarudi. Siku ya pili Rhoda alitoka wodini kufua nguo za mtoto, akampita. Kisha akarudi hatua chache, akasimama mbele yake na beseni.

"Baba Violeth. Uliniuliza jina. Bado unalitaka?"

Nimemwona Maganga akitoka kwenye shimo lililobomoka, yuko mzima, anacheka. Siku ile alilia kama mtoto, mbele za watu. Rhoda hakumbembeleza. Alikwenda kufua.

Uvimbe ulipoanza kushuka Maganga alishtuka kuliko mwanzo, akaniambia mtoto anakwisha. Mashavu yaliondoka, yakabaki mafupa na macho. Muuguzi akamwambia, "Huyu ndiye mwanao, baba. Yule mwingine alikuwa maji." Na mwanae huyo mwembamba ndiye, asubuhi moja, aliyenyoosha mkono kuudaka mkufu wa shingoni mwa bibi yake. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kutaka kitu.

Walipotoka, Rhoda alirudi nyumbani kwa sharti lake, na alilisema mbele ya mama mkwe na mbele yangu: sinia litakuwa moja, na wa kwanza kupakuliwa ni mtoto. Anayeona aibu kula na mwanamke na mtoto, akale mgahawani.

Asubuhi iliyofuata Maganga alikuja kwangu mwenyewe, ndoo begani. Mwanaume kwenye foleni ya mashine, mnajua wenyewe.

"Nisagie, Baba Esta. Usikoboe."

"Dona?"

"Dona."

"Maganga, duara limezama nini?" mama mmoja akamtania. "Au mmehukumiwa nyumba nzima?"

"Tumeachiwa kwa dhamana," akajibu. "Wewe angalia ndoo yako, uniache."

Mapato yake hayajaongezeka, msidanganyike. Ila mafungu yamegawanywa upya. Fungu lililokuwa la nyama kila siku sasa linatoa dagaa, maharage, choroko, na yai la mtoto. Gunia la Bibi Paskalia limetoka chini ya kitanda. Nsansa inapikwa kwa karanga, na vijana wa shimoni waliobaki, maana wengine walikimbia, wanailamba hadi sufuria. Uani kuna viroba vya udongo vyenye mchicha, unamwagiliwa maji ya kuoshea mboga. Nyama ipo siku duara likitabasamu, na Violeth anapata kipande chake kabla ya Abel. Kuku wangu ndio walioingia hasara. Pumba za kwa Maganga haziji tena.

Kila mchana, kabla mtu hajamega tonge la kwanza, Maganga anamwita Violeth, anamshika mguu na kuubonyeza kwa kidole gumba. Halafu anangoja. Nyama inarudi. Mtoto anadhani ni mchezo, anacheka na kumpa mguu wa pili. Baba yeye hacheki mpaka aone na huo umerudi.

FUNZO

Ndugu zangu, nyumba inaweza kunuka nyama kila siku na bado mtoto akafa kwa kukosa chakula. Kushiba si kula. Ugali mweupe na mchuzi mtupu vinajaza tumbo tu, na soda si mapenzi. Chakula cha kujenga mwili wa mtoto tunacho, na ni cha bei ndogo kuliko kile tunachokinunua ili majirani watuone: dona, dagaa, kunde na majani yake, karanga, yai la kuku aliyeko uani. Acheni kukiita chakula cha njaa. Njaa niliiona kwenye sinia la wanaume lililojaa.

Mnaoona nyama ni ya baba, anzeni kumpakulia mtoto. Hatakuwa mwizi. Na mnaokimbilia neno kubemendwa, mjue mmeshawaua watoto na mmewavunja wanawake wasio na kosa kwa neno hilo.

Leo ukifika nyumbani, mshike mwanao miguu yote miwili, ubonyeze, uachie. Shimo likibaki, usimwulize mama yake jina la mtu. Mbebe, umpeleke hospitali.